Wiki 2 za baba ni sheria, si hisani ya meneja!

Jamani, saa hizi ni saa tisa usiku, mtoto yuko begani ndio kwanza amenyamaza, nami hasira hainipi usingizi tangu Ijumaa. Wacha niitoe hapa.

Nafanya kazi kwenye yadi ya makontena huku Changamwe, Mombasa, mwaka wa sita huu. Mke wangu alipojifungua kwa upasuaji, mtoto wetu wa kwanza, nikapeleka barua ya likizo siku iyo hiyo. Meneja wa wafanyakazi akaisoma mbele za watu, akacheka: "Kwani wewe ndiye uliyezaa?" Akanipa siku 3. Tatu! Ijumaa nafungua slipu ya mshahara, naona hata hizo 3 zimekatwa kwenye likizo yangu ya mwaka.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 29, haina kigugumizi: mama miezi 3, baba wiki 2, na mshahara kamili. Likizo ya mwaka ina kifungu chake, cha 28. Hizo ni haki mbili. Kuchota huku ukajazia kule ni wizi, na mimi nauita kwa jina lake.

Kuna wanaouliza mwanamume akikaa nyumbani hufanya nini. Sisi tunakaa ghorofa ya 4 Mikindani, maji hayapandi juu, nateka chini kwa mtungi wa lita 20. Siku ya nne nimesharudi kazini, shifti ya usiku. Asubuhi naingia, namkuta mke wangu amekaa kwenye ngazi ghorofa ya pili, mkono tumboni, mtungi nusu kando yake. Mtoto juu analia peke yake. Leso imelowa damu pale penye mshono. Alikuwa anataka maji ya kumwogesha mtoto tu. Tukarudi hospitali mbio, na shifti ya usiku ule sikwenda. Nikaandikiwa onyo.

Mtasema arubaini ni kazi ya wanawake. Mama mkwe ametangulia mbele ya haki, mamangu yuko Lamu na miguu haimbebi. Zamani nyumba ilijaa shangazi, somo na majirani, uji wa pilipili manga unapikwa bila kuulizwa. Sasa tuko vyumba vya kupanga, na jirani naye anatoka alfajiri kuwahi matatu. Abaki nani kama si mimi?

Na mimi nimeajiriwa kwa barua. Wenzangu vibarua hata hizo 3 hawaziombi. Mmoja mkewe alijifungua Jumanne, Jumatano yuko juani anahesabu makontena, macho mekundu, anaogopa jina lake litaondolewa kwenye orodha. Ana zaidi ya mwaka hapo! Kifungu cha 37 kiko wazi kwamba kibarua aliyefanya kazi mfululizo mwezi mzima si kibarua tena. Na cha 46 kinakataza kumfukuza mtu kwa sababu ameomba likizo anayostahiki. Hakuna aliyetusomea haya siku ya kuandikwa kazi. Tulionyeshwa pa kutia sahihi tu.

Nimebandikiwa jina kwenye ubao wa ofisi: hongera kwa kupata mtoto. Hongera hizo haziwezi kumtekea maji mke wangu. Nataka siku zangu zirudishwe, onyo lifutwe, na yule kijana wa yadini apewe wiki zake 2 akamshike mwanawe.

Jumatatu nakwenda ofisi ya leba na nakala ya barua yangu, slipu, ile karatasi ya onyo na ya hospitali. Mke wangu mwenyewe ndiye aliyezipanga kwenye bahasha. Aliyewahi kudai siku za baba hapa Mombasa akalipwa, aniambie aliulizwa karatasi gani nyengine, nizitafute kabla ya Jumatatu.