Bomu la nyuklia likilipuka chini ya maji, mionzi si inazimikia humohumo?

Mvuvi_Ggaba: Wakubwa habari zenu. Jana tulikuwa tunatengeneza nyavu hapa ufukweni ubishi ukaanza, jamaa mmoja anasema bomu la nyuklia likilipukia chini ya maji halina shida maana maji yanazima mionzi kama yanavyozima moto, mimi nikakataa lakini sikuwa na la kuongeza wakanicheka weee. Nani anaelewa haya mambo?

Ticha_Jinja: Jamaa yako ana nusu ya ukweli na hiyo nusu ndo mbaya. Ile mionzi ya kwanza, inayotoka papo hapo bomu linapolipuka, kweli maji yanaimeza sana. Lakini masalia ya bomu je? Likilipuka juu hewani mengi yanapaa na wingu yanaenda mbali, chini ya maji yanachanganyika na maji na matope halafu yanakurudia. Marekani walijaribu kule Bikini, visiwa vidogo vya Marshall katika bahari ya Pasifiki, tarehe 25 Julai 1946, bomu wakalining'iniza mita 27 chini, maji yakapanda kama mnara na yalipoanguka ukatokea ukungu mzito ukatambaa juu ya bahari ukazifunika meli kuukuu walizozipanga pale kwa majaribio.

BodaKatwe: si wangeosha tu, sabuni ipo 😂

Ticha_Jinja: Waliosha ssebo! Wanamaji walisugua deki mpaka wakachoka, sumu imeshaingia kwenye kutu, kamba, mbao, rangi. Wewe wa boda unajua vumbi la marram likikuta shati limeloa, hilo halikung'utiki. Agosti wakaacha, na jaribio la 3 lililokuwa limepangwa likafutwa.

MamaMukene: Na samaki jamani? Hapo ndo mimi nipo

Ticha_Jinja: Nyabo, walimvua mmoja aliyekula mwani wa pale, wakampasua wakamlaza juu ya filamu ya picha gizani. Hakuna taa wala kamera, akajipiga picha mwenyewe kwa mionzi yake, na tumboni penye ule mwani ndo panang'aa kuliko kote.

MamaMukene: Ayi Mungu wangu. Na watu wa pale?

Ticha_Jinja: 167 walishahamishwa tangu Machi, wakaambiwa ni kwa muda tu. Majaribio ya chini ya maji yalikuja kupigwa marufuku kwa mkataba wa 1963, wao kwao wachache walirudi miaka ya 1970 wakaondolewa tena 1978, na mpaka leo jamii yao haijarudi kuishi.

Mvuvi_Ggaba: Asante ticha, hiyo ya samaki namwonyesha yule jamaa jioni tukiwa bado hatujala