"Umechoka na mbaazi?": bango la deli mpya Malindi latutukana, au twajisumbua wenyewe?

Mtoto wa Barani
Jamani, bango la njia ya Casuarina mmeliona? Picha ya sandwichi kubwa kama kichwa cha mtoto, na maandishi mekundu: "MALINDI, UMECHOKA NA MBAAZI?" Ni la ile deli mpya ya Lamu Road, penye vioo. Mimi sina ugomvi na mtu kufungua biashara. Nilikwenda Jumamosi na mke wangu. Sandwichi ya pastrami 950, soda 200, chipsi nane. Nane! Nilizihesabu mara mbili, maana kwanza nilidhani nyingine zimejificha chini ya lile tango la achari. Nyama yenyewe tamu, sisemi uongo, haradali imekolea, lakini imekatwa nyembamba hata ukiiinua waona barabara upande wa pili. Naomba maoni. Kwa chakula hicho, bei ile ni haki? Na tangazo lile ni mzaha au ni dharau?

Bi Kidawa
Ni dharau, hapana haja ya swali. Nauza mahamri na mbaazi tangu mwanangu wa kwanza hajazaliwa, na wote watatu wamesoma kwa mbaazi hizo hizo. Leo mtu atoke alikotoka aje aniulize kama nimechoka? Akawaulize walio kwenye foleni yangu saa kumi na mbili asubuhi.

Mgeni wa Bara
Mama, heshima yako. Lakini kazi ya tangazo ni kufanya watu waongee, na sisi hapa tunaongea. Wameajiri vijana wa hapa hapa. Mmoja namjua, alikuwa amekaa nyumbani tangu hoteli yao ipunguze watu. Na tuambiane ukweli: ukitaka kutoka jioni na familia Malindi hii unakula nini? Leo viazi karai na mishkaki, kesho mishkaki na viazi karai.

Chura wa Maweni
"Kesho mishkaki na viazi karai." Wewe unakula wapi, ndugu? Mji huu pizza ililiwa zamani, wakati kwingine watu bado wanauliza ni chapati ya namna gani. Waitaliano wako hapa tangu mambo ya setilaiti kule Ngomeni, 1970, ile setilaiti iliyoitwa Uhuru. Kuna wazee hawajaingia darasani hata siku moja, na Kiitaliano wakimwaga kama maji. Halafu walete binti wa TikTok kutoka Nairobi, asimame mbele ya kamera na miwani yake, aseme ati "hatimaye Malindi pana mahali pa kula". Kumbe miaka yote hii tulikuwa tukifunga!

Mzee Ngomeni
Uhuru ni 1970, sawa. Ilirushwa tarehe 12 Desemba, siku ya Jamhuri, ndiyo ikapata jina lile. Lakini ya kwanza kurushwa huku kwetu ni San Marco 2, Aprili 1967, kutoka kwenye yale majukwaa ya baharini. Msitupunguzie miaka.

Chura wa Maweni
Ahsante mzee, 1967. Basi hoja yangu imeongezeka uzito.

Fundi Friji
Samahani, deli maana yake nini? Mimi niliingia nikaagiza biriani, nikijua ni ile Delhi ya India. Kijana akanitazama kama nimemwomba figo.

Kisu Butu
Ni kifupi cha *delikatessen*, neno la Kijerumani, vyakula vya kuchagua. New York waliozipa umaarufu ni Wayahudi. Nimeosha sahani kwenye moja huko miaka minne, kwa hiyo sibahatishi. Pastrami ni kidari cha ng'ombe. Chalazwa kwenye maji ya chumvi siku kadhaa, chapakwa pilipili manga na giligilani, chafukizwa moshi, halafu chapikwa kwa mvuke mpaka kilegee. Pale kwetu kilikuwa kikikatwa kwa mkono, vipande vinene, sandwichi haiingii mdomoni mpaka uiombe. Hii ya kuonea barabara ni ya mashine. Jina lenyewe limepitia kwa Waromania likitoka kwa Waturuki, *pastırma*. Wao waipaka uwatu na kuikausha. Kwa hiyo msidhani deli ni lazima nguruwe. Hizo za Kiyahudi hazina kabisa.

Ummu Faraj
Hapo kwenye nguruwe ndipo nataka mnisikilize. Hii ya Malindi si ya Kiyahudi, ni ya kila kitu. Ndani ya kioo mna pastrami na bresaola, ambazo ni ng'ombe, na ubavuni mwake prosciutto na mortadella, ambazo ni nguruwe. Menyu yasema "ng'ombe, haina nguruwe". Sawa. Lakini mashine ya kukatia ni moja. Nilisimama pale kama dakika kumi. Kijana alimkatia mzungu prosciutto, akapangusa kile kisu cha duara kwa kitambaa cha kijani, kikavu, bila maji, akaipandisha pastrami yangu. Niliondoka sijala. "Haina nguruwe" si "halali". Halali ina cheti na ina vyombo vyake. Tungeanza na hilo kabla ya mbaazi.

Mgeni wa Bara
Chura, nimekaa Malindi miaka kumi na moja. Nimeoa Muyeye. Usinifanye nimeshuka kwenye basi jana.

Chura wa Maweni
Kuoa Muyeye si kujua chungu kinachopikiwa.

Mgeni wa Bara
Na wewe mara ya mwisho kulipa bili ni lini? Kila tukikutana kwa muuza kahawa mfuko umeusahau nyumbani. Mimi ndiye nakulipia hata kashata, halafu unifundishe kula?

Kijana wa Amu
Bresaola ndiyo nini tena? Nimeitafuta picha yake. Si nyama ya ng'onda hiyo? Imetiwa chumvi, ikakaushwa, sasa yauzwa kwa gramu kama dhahabu. Sisi Lamu nguru twampasua, twamtia chumvi, twamwanika, na hakuna aliyewahi kutundika bango. Nyinyi watu wa Malindi msiseme sana lakini. Ng'onda wenu si ng'onda, ni samaki aliyesahauliwa juani.

Bi Kidawa
Hee! Ngoja nitue karai.

Dereva wa Tuktuk
Mimi nabeba wageni, niwaambie ninaloliona. Hawa wamefungua masika. Waitaliano wenye pesa walirudi kwao baada ya Pasaka, wachache watakuja Agosti, na wengi ni Desemba. Kodi ya jengo haingoji Desemba. Ndiyo maana bango latuita sisi, na kwa kuwa hawatujui wakashika kitu cha kwanza walichotuona tukila. Bei wamempangia mzungu, bango wamemtundikia mwenyeji. Wangetoa nusu sandwichi kwa 400 wangejaza, na mbaazi wasingezitaja.

Fundi Friji
Dereva, juzi ulinitoza 200 kutoka Maweni mpaka sokoni. Wewe pia wasema bei?

Dereva wa Tuktuk
Ilikuwa mvua. Na ulikuwa na friji.

Bi Kidawa
Nimetua. Sasa wewe kijana wa Amu, chumvi yavunwa wapi? Gongoni na Marereni, mlangoni kwetu hapa. Sisi ndio tuliokaa na chumvi, wewe waja kutufundisha kukoleza samaki? Mama yangu alikuwa akimkausha nguru, wamchukua wamweka kabatini miezi, ukimtoa wapasuka kwa nyuzi, si unga unga. Wamwosha, wamchambua, tui zito, ndimu, pilipili mbichi. Kisha niambie amesahauliwa juani.

Kijana wa Amu
Mama, kukaa karibu na chumvi si ufundi. Mbuni hukaa kwenye mchanga mwingi na nyumba hajengi. Kwetu kusi likivuma mashua hazitoki, ng'onda ndiye kitoweo, ikatulazimu kujua. Nyinyi kusi likivuma mwala pizza, Chura keshasema.

Chura wa Maweni
Sikusema hivyo! Nilisema pizza ilifika mapema. Usinitilie maneno kinywani.

Mzee Ngomeni
Nyote wawili wanafunzi. Papa mkavu aliyekuwa akija na majahazi kutoka Arabuni, upande wa Hadhramaut, kaskazi likivuma, ndiye aliyekuwa na jina. Jahazi likitia nanga, harufu yafika msikitini kabla ya nahodha kushuka.

Kijana wa Amu
Mzee, harufu hiyo haikuwa sifa.

Mzee Ngomeni
Ilikuwa sifa. Pua zenu zimeharibika kwa marashi ya duka.

Ummu Faraj
Narudia: mashine ni moja.

Kisu Butu
Dada, mashine sawa, lakini tatizo kubwa ni kuikata pastrami ikiwa baridi. Inatakiwa itoke kwenye mvuke, ikatwe moto moto, kuvuka nyuzi za nyama. Ukikata kufuata nyuzi utatafuna mpaka Alasiri.

Ummu Faraj
Sikuuliza habari za nyuzi.

Mgeni wa Bara
Tena kwa nini mnaliandama duka la watu? Mtu akifungua kitu kipya mji huu lazima apitishwe kwenye moto. Mimi nilikula pale, nikashiba, nikalipa.

Chura wa Maweni
Ulishiba kwa chipsi nane?

Mgeni wa Bara
Niliongeza sahani ya pili.

Chura wa Maweni
Kwa hiyo 1,900. Na mimi ndiye nisiyejua kula.

Bi Kidawa
Halafu jambo nililokuwa sitaki kulisema. Leo asubuhi wale vijana wa deli walikuwa kwenye foleni yangu, na aproni zao nyeusi. Mahamri kumi na sita na mbaazi za kubeba. Nikamuuliza mmoja, "Mmechoka?" Akainama. Maskini, ni kijana tu, bango si yeye aliyeliandika. Nikamwongezea mahamri mawili.

Mgeni wa Bara
Basi si mnaona? Hata wao wanaupa mji biashara.

Kijana wa Amu
Mama Kidawa, tumalize kiungwana. Ijumaa nina jamaa anakuja huko na basi. Nitampa nguru mmoja, mzima. Mpike kwa tui lako. Ukionja ukaniambia hapana tofauti, nafuta maneno yangu mbele ya wote hawa.

Bi Kidawa
Mlete. Na mfunge vizuri, nisije nikalaumiwa na abiria.

Dereva wa Tuktuk
Nitamchukua mimi stendi. 100.

Fundi Friji
Kwa samaki 100, kwa mimi 200.

Mtoto wa Barani
Ndugu zangu, nilianzisha mimi huu mjadala na sioni mtu aliyejibu, ila dereva na Ummu Faraj. Leo nimepita pale kuuliza habari ya mashine. Yule wa kaunta amesema nimwone meneja, na meneja yuko Watamu mpaka Jumatatu. Nimetazama mwenyewe: ni moja, na kitambaa ni kile kile cha kijani. Sasa mke wangu haongei nami. Yeye Jumamosi alikula nusu akasema moyo wake umekataa. Ile nusu nyingine niliimaliza mimi, nikimwambia asitupe pesa.

Bi Kidawa
Ungekula mbaazi.