Naomba ushauri: diski moja imekufa, ya pili inaumwa

Ndugu zangu, niko Bukavu, upande wa Kadutu. Nyumbani tuna kisanduku kinachohifadhi mafaili ya familia nzima kwenye mtandao wa ndani: diski nne za terabaiti 4 kila moja, zimepangwa kwa RAID 5, yaani data imegawanywa kwenye diski zote ili moja ikifa, zilizobaki ziweze kuijaza. Juzi umeme ulikatika na kurudi mara tatu usiku mmoja. Asubuhi diski ya pili ilikuwa inagonga tu, tak, tak, tak, kama ukucha juu ya bati, na taa yake imekuwa nyekundu. Mafaili bado yanafunguka.

Hofu yangu ni diski ya nne. Ripoti ya SMART (diski inavyojipima afya yake yenyewe) inaonyesha sekta 24 zinazosubiri, yaani vipande vya diski vilivyoshindikana kusomeka. Jana zilikuwa 16. Najua RAID 5 inavumilia kifo cha diski moja tu, na kujenga upya data ya iliyokufa kwenye diski mpya kunasoma zote zilizobaki mwanzo hadi mwisho. Nikichomeka mpya sasa, hii dhaifu si itaanguka katikati ya kazi?

Fundi mmoja ananiambia nibadilishe mara moja. Mimi naona kwanza nitoe picha na sauti za marehemu mama, niziweke kwenye diski ya nje. Hizo hazipatikani tena popote. Sinema zitasubiri.

Mnaonaje? Na mliowahi kutumia ddrescue, ile programu ya kunakili diski inayoharibika, niinakili diski ya nne nzima kwenye mpya kabla ya kujenga upya? Kisanduku nimekizima kwa sasa, sitaki kukigusa kabla sijawasikia.