Mirihi tumeichora, bahari bado: kinachokwamisha ni pesa au maji?

Kipepeo21:
Wakuu, nasikia kila mara kwamba ramani ya Mirihi ni bora kuliko ya sakafu ya bahari yetu wenyewe, kisha mtu anadakia kuwa pesa za roketi zirudishwe baharini. Wenye ujuzi, dai hilo ni kweli? Na je, kinachokwamisha ni pesa tu?

Nanga:
Ni kweli. Kamera moja tu ya chombo cha Mars Reconnaissance Orbiter imepiga picha karibu Mirihi nzima, kila nukta ikiwa na upana wa mita 6 hivi. Zuhura nayo imefunikwa na mawingu mazito, lakini kati ya 1990 na 1994 chombo cha Magellan kiliipima kwa rada asilimia 98. Huku kwetu, mradi wa kimataifa wa kuchora sakafu yote ya bahari, Seabed 2030, ulipoanza mwaka 2017, sakafu iliyopimwa kwa vipimo vya kisasa ilikuwa kama asilimia 6. Kufikia katikati ya 2025 imefika asilimia 27 na kidogo.

Kinachozuia ni maji yenyewe. Mawimbi ya rada hufa yakigusa tu maji ya chumvi, na mwanga wa jua ukipita mita 200 umekwisha. Kinachofika kilindini na kurudi ni sauti, na sauti lazima itoke kwenye chombo kilichomo majini.

Mwangwi:
Niongezee kazi inavyofanyika. Meli hupiga sauti na kusikiliza mwangwi: muda mara kasi, gawanya kwa mbili. Sauti majini huenda kama mita 1,500 kwa sekunde, kwa hiyo kwenye kina cha mita 4,000 mwangwi unaotoka wima chini ya meli hurudi baada ya sekunde 5 na ushei. Mitambo ya sasa hutawanya mamia ya miale ya sauti kama feni, hadi nyuzi 60 kila upande.

Balaa liko kwenye hiyo kasi. Joto likipanda nyuzi 1, kasi huongezeka kwa mita 3 au 4 kwa sekunde, na chumvi na kina navyo huibadilisha. Ndiyo maana kifaa cha kupima joto na chumvi hushushwa kila baada ya saa chache. Ukizembea, miale ya pembeni hupinda, na sakafu iliyo tambarare inatokea kwenye skrini kingo zikiwa zimeinuka kama mdomo unaotabasamu, au zimeshuka kama ulionuna. Ukiona hivyo, usilaumu sakafu.

Jingine ni kuyumba. Kihisi kinachopima meli inavyolalia upande kikikosea nyuzi 1 tu, ukingoni mwa feni, sakafu ikiwa mita 4,000, kipimo cha kina kinakosea mita 120 hivi.

Kipepeo21:
Kwa hiyo kazi ngumu ni huko kilindini?

Mwangwi:
Kinyume chake, mkuu! Kwenye mita 4,000 feni inafunika upana wa karibu kilomita 14. Kwenye mita 50 inafunika mita 170 tu. Meli ikienda kilomita 18 kwa saa, kilindini unamaliza kilomita za mraba 250 kwa saa, pwani 3. Ndege yenye leza husaidia pale maji yalipo maangavu, ila kwenye matope ya mdomo wa Rufiji haioni kitu.

Darubini:
Hapo kwenye kuhamisha pesa sikubaliani. Ramani ya bahari nzima tuliyo nayo, hafifu jinsi ilivyo, imetoka angani. Mlima wa chini ya maji wenye kimo cha kilomita 2 huvuta maji kuuelekea, na uso wa bahari juu yake huinuka kama mita 2. Setilaiti hupima huo mwinuko. Na bila setilaiti za kuonyesha mahali ulipo (kama GPS), vipimo vya Mwangwi havina pa kukaa kwenye ramani.

Nanga:
Darubini, huo mwinuko unakuambia mlima upo, haukuambii kilele kiko mita ngapi. Januari 2005 nyambizi ya Marekani, USS San Francisco, iligonga mlima wa chini ya maji kusini mwa kisiwa cha Guam, Pasifiki, ambao haukuwa kwenye chati iliyokuwa ikitumika, na baharia mmoja akafa. Gharama ya kumaliza bahari yote hukadiriwa kuwa dola bilioni 3 hadi 5. Perseverance, kigari cha utafiti kilichoko Mirihi, peke yake kiligharimu bilioni 2.7. Sisemi roketi zisiruke. Nasema foleni ya bahari imekuwa ndefu mno.

Darubini:
Kwenye foleni nakupa haki yako. Ila bilioni hizo hazinunui muda: meli moja pekee ingehitaji karne kadhaa, na pwani ndiyo ingekula sehemu kubwa. Kinachohitajika ni vyombo vingi visivyo na watu, na kila meli inayopita maji yasiyopimwa iache kipima kina chake kikirekodi.