MREJESHO: Kuhamia Dar na familia kwa mshahara wa laki nane

Wakuu salama? Mwezi wa pili niliwauliza kama laki nane inatosha kuhama Iringa kwenda Dar na mke na watoto wawili, wengi mkasema nisibebe familia kwanza. Nilifuata hilo, nikatangulia miezi mitatu kwa shemeji Kimara naandika kila shilingi kwenye daftari. Na yule aliyesema niachane na Sinza niangalie Kibamba Mungu ambariki, nimepata vyumba viwili na sebule laki na nusu, ila mwenye nyumba kagoma miezi mitatu, kataka sita kwa mkupuo, dalali naye kachukua ya mwezi mmoja, yaani milioni moja na elfu hamsini ikaondoka siku moja.

Kilichokwama ni genge la mke, mtaji wote umeishia kwenye kodi. Nauli nayo inauma, daladala mpaka Kimara halafu mwendokasi hadi Posta kila siku. Unga na maharage mama anatutumia kwa basi, bila hivyo tusingetoboa kabisa. Tarehe 20 hela inakata ila hatudaiwi na mtu. Anayetaka kuhama atenge kodi ya miezi sita na ya dalali kabla hajapakia hata godoro. Asanteni sana ndugu zangu.