Wauza mishale ya mbao, acheni kuficha mbao mbovu chini ya rangi!

Wakuu, leo sitamung'unya maneno.

Nimenunua dazeni ya mishale kwa fundi mmoja anayejitangaza kuwa anachonga kwa mkono. Jina simtaji, maana hayuko peke yake, mchezo huu umeshaenea. Picha alizoweka zilivutia kweli: vijiti vya rangi ya damu ya mzee, vanishi inang'aa, manyoya ya kanga yamepangwa kwa ustadi. Nikalipa.

Mmoja ukakatika palepale kwenye upinde, wakati naachia upote, yaani kamba ya upinde. Mliowahi kupiga upinde mnajua maana yake. Kipande cha nyuma kinasukumwa kwa nguvu zote za upinde, na mbele yake upo mkono wako ulioushika. Changu kilipita juu ya kidole gumba kikachana ngozi. Kingeshuka kidogo tu, saa hizi ningekuwa hospitali natolewa vibanzi nyamani.

Nikachukua tambara na spiriti nikafuta rangi. Tambara likawa jekundu, na ukweli ukatokea: nyuzi za mbao hazikwenda na urefu wa kijiti. Zinaanzia ubavu mmoja na kutokea ubavu wa pili ndani ya shibiri moja. Mti wa namna hiyo ukiupinda, unachanika hapohapo. Nikafuta na mingine. Mmoja una kifundo cha tawi katikati, kimezibwa kwa unga wa mbao uliochanganywa na gundi, kisha kikapakwa rangi juu! Huyu alikiona kifundo. Alikiona, akakaa chini akakiziba, akaniuzia.

Rangi ya kijiti cha mshale inatakiwa iwe nyepesi, izame ndani na kuacha nyuzi zionekane, ili mnunuzi azisome kabla hajatoa pesa yake. Ukiona kijiti kimepakwa rangi nzito kama geti, muulize muuzaji anaficha nini.

Na msiniambie "mbao ndivyo zilivyo". Wahadzabe kule Ziwa Eyasi hawajui habari za vanishi ya kopo. Wanakata kijiti kichakani, wanakibandua gome, wanakipasha moto na kukinyoosha kwa meno, na kinafanya kazi. Kijiti kilichoota hivyo, nyuzi zake zinafuata umbo lake tangu shina mpaka ncha. Ukichana ubao kwa msumeno, msumeno unakata nyuzi popote unapozikuta. Ndiyo maana kazi ya kuchagua na kutupa vibovu ni ya fundi, tena kabla hajagusa brashi.

Haya, vanishi yenyewe sasa. Unyoya mmoja ulibanduka, na ulipobanduka ukaondoka na utepe mzima wa vanishi chini yake. Gundi ilishika vanishi vizuri kabisa, ila vanishi haikushika mti. Hapo rangi ilikuwa haijakauka, ya mafuta hiyo, na mtu akawahi kupiga vanishi juu yake kwa sababu anakimbizana na oda. Rangi ya mafuta iachwe ikauke kabisa, hata kama ni siku nzima au zaidi, na kwenye unyevu ndiyo inachelewa hasa. Ya maji inakauka upesi lakini inasimamisha vinyweleo vya mbao, kwa hiyo lazima urudie msasa laini, namba 320 hivi, kabla ya kuziba kwa vanishi. Vijiti vyangu ukivipitisha kiganjani vinakwaruza chini ya huo mng'ao. Msasa haukurudiwa.

Halafu mfuo wa kuingilia upote umeachwa mti mtupu! Ubavuni vanishi tabaka juu ya tabaka, huku kwenye kichwa cha mbao, yaani mwisho wa kijiti nyuzi zilipokatwa, mahali panaponyonya unyevu kuliko pengine pote, hakuna hata tone. Wala hakufunga uzi chini ya mfuo kuzuia usipasuke. Mvua za vuli zilipoanza, vijiti viwili vikapinda kwenye podo, mfuko wa mishale. Tabaka mbili nyembamba zilizofika kila mahali zinamshinda mtu aliyepaka tano ubavuni tu, na mshale haubebi uzito wa bure.

Nilipompigia akanijibu, "Bosi, wewe hujui kuitunza." Nikamtumia picha za kifundo kilichozibwa. Kimya mpaka leo, na namba yangu kaifungia.

Nataka pesa yangu yote irudi, siyo punguzo kwenye oda ijayo. Na ninyi mafundi wengine mliomo humu, wekeni picha ya kijiti kikiwa kitupu kabla ya rangi, pande zote mbili, nyuzi zionekane. Asiyeweza kuionyesha, msinunue kwake.

Mwenye kumjua fundi anayeuza vijiti vilivyonyooka, vikavu, visivyopakwa chochote, aweke hapa chini. Rangi nitapaka mwenyewe.