ELAN, BORIS au ya kulipia? Nataka kuweka misimbo ya misuli ya uso kwenye video

Mtafiti_Dom: Wakuu habari za jioni. Nina video za nyuso za watu, nataka kuandika misuli inavyosogea, nyusi kupanda, kushuka, midomo kuvutwa, kwa namba za FACS (mfumo unaoupa kila msogeo wa uso namba yake, AU). Supavaiza anaisifia programu ya Observer XT ya Noldus ila ni ya kulipia na idara inataka jibu wiki hii. Mnashauri nini?

kokoto: Video ngapi? Dakika ngapi? Mko wangapi kwenye hiyo kazi? Laptop gani? Mkuu hujasema kitu.

Mama Tausi: ELAN. Ya bure, imetoka Max Planck kule Nijmegen, kila AU unaipa safu yake, AU1 (nyusi kupanda kwa ndani) peke yake, AU2 (nyusi kupanda kwa nje) peke yake, AU4 (nyusi kushuka) peke yake, unaona kabisa ipi imeanza kabla ya mwenzake na zimelaliana wapi. Ule ukali wa A mpaka E unauweka kwenye orodha tayari, mtu anachagua tu, hachapi.

sokwe_mtu: BORIS jamani, ya Chuo Kikuu cha Torino, na yenyewe bure. Kila tendo lina kitufe chake kwenye kibodi, mkono ukizoea unaruka. Sisi wa wanyama tunaipenda, na hata sokwe wana FACS yao, ChimpFACS.

Mama Tausi: @sokwe_mtu kwa tabia sawa, lakini nyusi inapanda na kushuka ndani ya nusu sekunde, lazima urudi fremu kwa fremu.

sokwe_mtu: Fremu kwa fremu ipo hata BORIS dada.

Fundi Picha: Kabla ya programu angalieni faili. Kuna mradi tulikuwa wawili, kila mtu na kompyuta yake, video zile zile za simu, tukaja kulinganisha, kapa (kile kipimo cha waweka misimbo wanavyokubaliana) ikatoka mbovu mpaka tukaanza kulaumiana kwamba mwenzangu hajui AU4, yeye anasema mimi ndiye sijui, kumbe simu hurekodi kwa kasi ya fremu inayobadilikabadilika, basi pleya ya huku na pleya ya kule kila moja inahesabu muda kivyake, mwanzoni mwa video mko sawa, mkifika mwisho mmeachana vibaya. Kazi yote ikarudiwa. Pitisha kila kitu kwenye programu ya kubadili video, HandBrake au ffmpeg, iwe fremu 25 au 30 zisizobadilika, NDIPO uanze. Kwenye 25 kila fremu ni milisekunde 40, hapo kosa dogo tu linaonekana.

kijana_data: Mnajitesa bure, kuna OpenFace, programu inayosoma uso yenyewe, inatoa AU 17 na ukali wake 0 mpaka 5, unaiachia usiku asubuhi una jedwali.

Mama Tausi: Na mwanga hafifu je? Na ngozi zetu? Buolamwini na Gebru mwaka 2018 walionyesha programu za kutambua jinsia zilivyokosea zaidi kwa wanawake weusi. Siyo OpenFace hiyo, ila mimi siamini jedwali ambalo mtu hajalikagua kwa macho.

Mtafiti_Dom: Samahani wakuu, ni lugha ya alama. Nafuatilia nyusi kwenye maswali ya ndiyo/hapana. Laptop ina RAM 4GB.

kokoto: Hilo ndilo la kuanza nalo! Mikono inapita mbele ya uso, mashine inampoteza mtu kila saa.

Mama Tausi: Basi ELAN, watafiti wengi wa lugha za alama wako huko, safu za mikono na za uso zinakaa pamoja.

Tabibu wa Hisia: Ila AU6 (mashavu kupanda) na AU12 (pembe za midomo kuvutwa juu) zikija pamoja ni furaha ya kweli, usisahau kuandika.

kokoto: Hapana. FACS ya Ekman na Friesen ya 1978 inaandika msuli umesogea, basi. Furaha ni tafsiri yako. Na kwenye alama nyusi ni sarufi, mtu anauliza swali, hajashangaa.

Tabibu wa Hisia: Uso hausemi uongo ndugu.

kokoto: Mtu anatabasamu kwa adabu msibani, utaandika furaha?

sokwe_mtu: Mkuu, nani mwingine ataweka misimbo ili mpate kapa? Na amesoma manyuali ya FACS? Ile ni kama saa 100 za kujifunza, leseni ya Observer XT haiwafundishi.

Mtafiti_Dom: Nipo peke yangu kwa sasa. Video ni za simu, kasi ya fremu sijaiangalia.

Fundi Picha: Iangalie leo leo, kabla hujamjibu mtu wa idara.